Mkono Kwanza, Sikio Baadaye

Kila siku nilipotoka shuleni nilipita nyumbani kwetu, mtaa wa Nyakasanza hapa Bunia, nikavua sare, nikala nilichowekewa na mama, kisha nikavaa ovaroli yangu ya buluu na kwenda kwa papa, baba yangu. Karakana yake iko kando ya barabara ya Komanda. Usidhani ni jengo. Ni mabati sita juu ya miti minne, meza moja iliyolowa oili, na pipa la maji. Pikipiki zinazotoka Komanda hufika pale zikiwa na matope hadi kwenye taa, na wenye pikipiki huanza kulalamika kabla hawajashuka.

Kazi yangu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu. Watu walikuwa wakimwita papa awakagulie pikipiki kuukuu kabla ya kuzinunua, maana fundi Kule, ndilo jina lake, alijulikana kwamba hadanganyiki ovyo. Na papa hakugusa injini yoyote ya kuuzwa kabla mimi sijaweka kiganja changu juu yake.

"Kanyere, mukono," alikuwa akisema. "Moto ao baridi?"

"Baridi, papa."

"Aya. Sasa tunaweza kuipiga," yaani kuiwasha.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana: mkono kwanza, sikio baadaye. Injini iliyolala usiku kucha ikiwaka bila shida, hiyo ni nzima. Lakini ukiikuta na joto, ujue muuzaji ameiamsha kabla hujafika, na mtu haamshi injini bure. Mwenye injini mbovu huhangaika nayo peke yake asubuhi mpaka ipate moto, ili mnunuzi akija iwake mara moja na isifiwe.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na niliamini kwamba Bunia nzima hakuna kiganja kilichojua kazi kama changu. Niliamini hivyo mpaka Abigaël alipokuja.

Abigaël alitoka kijiji cha kando ya ziwa, karibu na Tchomia, upande wa Djugu. Vurugu zilipowakimbiza watu wa kule, baba yake, papa Laurent, aliibiwa injini ya mtumbwi wake. Mtumbwi wenyewe ulipona kwa sababu alikuwa ameujaza mawe na kuuzamisha penye matete. Sasa kimya kilikuwa kimerudi, ingawa kilikuwa kile kimya ambacho watu wazima bado hukitegea sikio. Papa Laurent alirudi ziwani kuanza upya, akamwacha binti yake kwetu ili asome. Yeye na wazazi wangu walijuana zamani, kwa kuwa mama Musoki, mama yangu, alikuwa akinunua kwake samaki wa chumvi, wale tunaowaita makayabo, na kuwauza sokoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema siku ile Abigaël alipoingia na mfuko wake mmoja.

Mwenyeji nilikuwa mimi, na wiki ileile nikaanza kuumwa.

Nasema kuumwa kwa sababu sijui neno jingine. Mezani papa alimwongezea mboga. Nilihesabu vijiko. Alimfundisha salamu za Kinande, lugha yetu ya nyumbani, na Abigaël alipozikosea papa alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilipokuwa nikizikosea nikiwa mdogo, nani alicheka? Niliambiwa nirudie. Jumamosi moja nilikuwa na homa, na nilipopona nikamkuta Abigaël karakanani amevaa ovaroli yangu. Papa alikuwa amemkunjia mikono yake vizuri, mara tatu kila upande, ilhali mimi hunikunjia mara mbili tu.

Nilimchukia kwa ajili ya mkunjo mmoja wa nguo. Leo nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Kisha likaja jambo la injini. Zamu ya mama katika likelemba, ule mchango wa akina mama wa sokoni, ilikuwa imefika, na wazazi wangu wakakubaliana na papa Laurent: yeye atoe mtumbwi, sisi tutoe injini, samaki tugawane. Bwana mmoja wa mtaa wa Lumumba aitwaye Donatien alisikia habari hiyo. Alikuja karakanani mara tatu katika wiki moja, akiwa na maandazi ya moto kwenye gazeti.

"Fundi Kule, niko na motere ya vingt-cinq," alisema. "Nguvu za farasi ishirini na tano, na haijachoka. Kuko batu ya Mahagi banaitaka. Lakini miye nilisema, mbele niulize ndugu yangu Kule."

Mama aliposikia, aliguna. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mara tatu na maandazi?"

"Kuangalia si kununua," papa akajibu. Kisha akageuka, na mimi nikajiweka tayari, nikijua ataniita. "Abigaël, kesho tutaenda pamoja. Miye ni mutu wa pikipiki. Motere ya maji, weye njo mwenye kuijua."

Nilingoja. Papa alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Na weye Kanyere, ukitaka, uje utusaidie kubeba vyombo."

Ukitaka!

Siku ya pili, Jumamosi, mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa sita mchana. Tulipofika Lumumba baridi ilikuwa bado inauma, na vidimbwi vilijaa uani kwa bwana Donatien. Injini ilikuwa barazani, imefungwa juu ya gogo na kufunikwa turubai. Karibu yake palikuwa na pipa lililojaa maji.

"Tangu Pasaka sijaipiga," alisema bwana Donatien. "Iko imelala tu kama mutoto."

"Kanyere, toa turubai," papa akasema.

Nikalivuta. Lilikuwa zito, likakwama, nikaegemea kwa mkono ili nilinasue. Kiganja changu kikatua juu ya chuma, kando ya silinda, pale ambapo kwa miaka miwili nilikuwa nikikiweka kwenye kila injini iliyokuja kwetu.

Ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, bali la ugali uliokaa sahanini kwa muda. Nilitazama pipa. Juu ya maji yake palielea utando wa mafuta wenye rangirangi, mpya kabisa.

Niligeuka kumwangalia papa. Nilikuwa na neno mdomoni. Nilingoja swali langu tu, lile la siku zote.

Papa hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinama pamoja na Abigaël, anamwonyesha kwa kidole, na Abigaël anamweleza kitu kuhusu panga za nyuma zinazosukuma maji. Uso wa papa ulikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata mwalimu mzuri. Furaha hiyo sikuwahi kuiona alipokuwa na mimi.

Basi nikakunja turubai. Pembe na pembe, taratibu sana. Moyoni nilisema: akiniuliza, nitasema. Hakuniuliza.

Nisiwe mwongo tena: Abigaël aliijua kazi. Alishika mhimili wa panga akautikisa kuona kama umelegea. Alipitisha ukucha kwenye kila panga akitafuta nyufa. Alimwomba papa spana namba kumi na tatu, wakafungua boliti kidogo chini ya mguu wa injini, na oili ikadondoka kwenye kidole chake.

"Ingekuwa nyeupe kama maziwa, ni maji iliingia," alieleza. "Hii iko muzuri."

Wakaiingiza injini ndani ya pipa. Bwana Donatien alivuta kamba, na injini ikanguruma papo hapo, mvuto mmoja tu. Akatazama huku na huku kama mtu anayengoja kupigiwa makofi. Maji yakaanza kuruka kutoka kwenye tundu dogo ubavuni.

"Inakojoa," Abigaël alisema, na papa akacheka. "Kama haikojoi, papa Kule, njo inaungua. Hii inakojoa muzuri." Kisha akashika gia, mbele, katikati, nyuma, na injini ikatii.

"Mutoto huyu!" bwana Donatien alishangilia. "Ni enjenia!"

"Kweli," papa akasema. "Enjenia kabisa."

Nami nilisimama pale na turubai lililokunjwa vizuri. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Nilijua kitu ambacho enjenia hakijui. Siku moja injini hii ingewasumbua, na papa angekumbuka alimwamini nani na alimwachia nani turubai. Nilifurahia wazo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Walikubaliana kwamba kesho baada ya misa papa Laurent atakuwa amefika kutoka ziwani, na karatasi ya mauzo itaandikwa.

Jioni, kabla ya jua kuzama, mama alituweka uani na ungo wa maharage, tutoe mawe. Abigaël alichagua kwa haraka, mimi kwa kununa. Kisha akaanza, bila kuinua kichwa.

"Nilikuwaka na baba mdogo, Osée. Motere yake ilizimika katikati ya ziwa. Ilikuwa inaenda muzuri tu, ikazimika, akakataa kurudi kwa kasia bila samaki, akangoja. Kisha haikuwaka tena. Upepo ukakuja. Walipata mutumbwi."

"Na yeye?"

"Mutumbwi tu."

Alitoa jiwe, akalitupa mbali.

"Njo maana leo niliangalia kila kitu mara mbili," alisema. "Lakini niko na woga. Papa wangu njo atakaa nyuma ya ile motere, miye nitakuwa hapa shuleni. Kanyere, weye ulikulia mu motere. Uko unajua kuliko miye. Kuko kitu nilisahau?"

Aliniuliza. Swali nililolingoja kwa papa lilikuja kwa Abigaël, na alinitazama usoni alipouliza.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Akapumua. "Asante," alisema, akavuta ungo upande wake ili nisichoke.

Chakula cha usiku kilinishinda. Mama aligusa paji la uso wangu akasema sina homa. Nilitamani ningekuwa nayo.

Asubuhi tulipotoka kanisani papa Laurent alikuwa tayari mlangoni kwetu, amepanda kutoka ziwani kwa pikipiki kupitia Bogoro, matope hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimkumbatia binti yake muda mrefu. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa samaki wawili wakavu waliofungwa kwa majani.

"Huyu ni wa Abigaël," akasema. "Na huyu ni wa Kanyere, dada yake."

Nawaambia ukweli: nilipima. Niliwaweka samaki wale wawili pamoja, kichwa kwa kichwa, nikaangalia mikia. Walikuwa sawa. Mtu huyu ambaye hakuwa na nyumba alikuwa amekaa kando ya ziwa akachagua samaki wawili walio sawa, ili mimi nisione tofauti.

Uani kwa bwana Donatien palikuwa na meza, viti, na mzee Floribert, mwalimu mstaafu anayeandikia watu karatasi za mauzo katika mtaa ule. Mzee Floribert ana desturi yake, na Lumumba yote inaijua. Haandiki kwamba "kitu ni kizima". Kila aliyekikagua lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe alichoona, naye anaandika jina na maneno. Anasema amechoka kuona ndugu wakigombana mbele ya polisi, huyu akisema nilisema, yule akisema hukusema.

"Fundi Kule, uliona nini?"

"Niliona inawaka mara moja, mulio wake iko sawa, gia inaingia."

Kalamu ikakwaruza.

"Binti, weye?"

"Miye ni Abigaël. Niliona panga haina ufa, oili haina maji, na inakojoa muzuri."

Watu wakacheka kidogo. Mzee Floribert aliandika bila kucheka, kisha akainua miwani yake na kunielekezea kalamu.

"Na huyu?"

"Huyo hapana," papa akasema. "Huyo alishika turubai tu."

Tu! Neno dogo, lakini lilinichoma. Wivu wangu wote ulisimama tena ukaniambia: umesikia? Kaa kimya. Hata wenyewe wamesema hujaona kitu. Na kweli mlango ulikuwa wazi, ningeweza kupita na hakuna ambaye angenidai jibu maisha yangu yote.

Papa Laurent alikuwa ameshapewa kalamu atie sahihi. Kamba ya kufungia injini ilikuwa begani kwake. Abigaël alisimama nyuma yake, amemshika shati kwa vidole viwili, kama mtoto mdogo sokoni.

"Ilikuwa moto," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Jana! Ilikuwa moto! Niliigusa kabla baipige!"

Kalamu ya papa Laurent ikasimama. Bwana Donatien akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Mutoto, lile ni joto ya jua."

"Jana hakukuwa na jua," nikasema. "Mvua ilinyesha mpaka saa sita. Na maji ya pipa ilikuwa na mafuta juu."

Papa alinitazama. Niliona anakumbuka: turubai, gogo, swali ambalo hakuuliza. Alitembea hadi kwenye injini, akaweka kiganja chake pale panapohusika, akakiacha hapo.

"Leo iko baridi," akasema. "Donatien, ndugu yangu, tuipige sasa."

"Leo ni siku ya Mungu, fundi. Na mafuta..."

"Mafuta iko," papa akasema, akitikisa tangi. "Tuipige."

Papa Laurent aliweka kamba yake chini, akavuta ile ya injini. Kimya. Akavuta tena. Alivuta kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana, na mzee Floribert akawa anahesabu kwa sauti ya darasani. Kwenye mvuto wa tisa injini ilikohoa. Kwenye wa kumi na nne ilitoa moshi wa buluu, ikazimika. Kwenye wa ishirini na mbili papa akasema inatosha.

Akafungua buji mbili, zile plagi zinazotoa cheche, na kuniita.

"Kanyere, dole gumba. Ziba hapa."

Niliziba tundu la silinda ya kwanza. Papa Laurent alivuta kamba, na upepo ukasukuma dole gumba langu kwa nguvu, likaruka. Nikaziba la pili. Alipovuta, nilihisi pumzi dhaifu tu, kama ya mtu anayepuliza chai.

"Hii silinda imechoka," papa akasema polepole. "Ikiwa na moto, chuma inavimba, inaziba kidogo, inawaka. Ikipoa, basi."

Bwana Donatien alikaa chini. Lazima niseme hakuwa na sura ya mwizi. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka. "Hata miye niliuziwa hivyo hivyo," alisema. "Lakini ikishapata moto, inaenda muzuri. Naapa."

Papa Laurent alikuwa anaikunja kamba yake begani. "Ku ziwa, ikizimika, itapoa," alisema kwa sauti yake ya chini. "Nani atakuja kuipasha moto?"

Mzee Floribert alifunika kalamu. Karatasi yake aliikunja mara nne, akaitia mfukoni bila sahihi hata moja.

Watu wazima waliniambia asante. Bwana Donatien mwenyewe alisema nina kiganja cha fundi. Ingekuwa hadithi nzuri kama ingeishia hapo, mimi nikiwa shujaa. Lakini njiani Abigaël alikuja kando yangu.

"Ulijua tangu jana mchana?"

"Ndiyo."

"Na jioni, nilipokuuliza?"

"Ndiyo."

"Ukijua ni papa wangu njo ataenda nayo."

Akaongeza mwendo, akaenda kumshika baba yake mkono, na mimi nikabaki nyuma peke yangu hadi Nyakasanza.

Nyumbani papa hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliketi kwenye benchi la jikoni na mama akaketi kando yake, nami nikawaambia yote: vijiko vya mboga, salamu za Kinande, ovaroli, mkunjo wa tatu. Nilipofika kwenye mkunjo, mama aligeuza uso. Nadhani alitaka kucheka akajizuia.

"Mikono ya Abigaël ni mifupi," papa akasema. "Njo maana nilikunja tatu."

Nikalia.

Akaningoja nimalize. "Sikiliza, Kanyere. Miye pia nilikosea. Nilifurahia kitu kipya nikasahau sheria yangu mwenyewe. Fundi anayesahau kuuliza, anatafuta msiba. Hiyo ni deni yangu, nitaibeba. Lakini weye ulingoja nikuulize. Mutu akiona nyumba ya jirani inawaka, anangoja kuulizwa? Ukweli hauna zamu, mwanangu. Aliye nao njo anasema, hata kama hakuna mutu alimutazama."

"Na wivu?" mama akauliza. Alisema kwangu, si kwa papa. "Wivu ulikupa nini? Jana ulikuwa na siri, na chakula hukula. Ulidhani unamunyima Abigaël sifa. Kumbe ulikuwa unamunyima baba. Mapendo ya papa wako si samaki, eti akikata kipande cha mwingine, chako kinapungua. Nenda ukaombe musamaha, na usiombe mara moja ukachoka."

Niliomba. Abigaël alisikiliza, akasema "nimesikia", akaendelea kufua. Siku ya pili niliomba tena. Siku ya tatu nilichukua ovaroli yangu, nikakunja mikono yake mara tatu kila upande, nikaishona kwa uzi mweusi isifunguke, na kuiweka juu ya mkeka wake. Alipotoka kwenda karakanani aliivaa, na mlangoni akasimama kuningoja.

Wiki tatu baadaye tulipata injini nyingine, ya mjane mmoja aitwaye mama Angélique. Ilikuwa na mikwaruzo na rangi imebanduka, na yeye mwenyewe alituambia imeshatengenezwa mara mbili, akatuonyesha wapi. Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande. Papa Laurent alikuwepo, na mzee Floribert na kalamu yake.

"Mukono," papa akasema.

Niliweka kiganja changu juu ya chuma. Kisha nikavuta mkono wa Abigaël na kuuweka kando ya wangu.

"Moto ao baridi?" papa akauliza.

Tulitazamana.

"Baridi," tukasema sote wawili, na mzee Floribert akaandika majina mawili.